Ukingo Safi: Kukata Stenlesi Nyembamba kwa Plazma

Kimamba ni mji mdogo wa Reli ya Kati, mashariki ya Kilosa, uliokua pamoja na mashamba ya mkonge. Mji wa namna hiyo haukosi karakana. Mashine za korona zinazosaga majani ya mkonge huvunjika, mikokoteni huhitaji ekseli, madirisha huhitaji nondo, na wakamuaji wa alizeti huhitaji makarai ya kupokelea mafuta. Katika miaka ya karibuni mafundi wengi wa miji midogo wameanza kuombwa kazi za chuma kisichoshika kutu, ambacho wao hukiita stenlesi: ndoo za maziwa, makarai ya mafuta, meza za jikoni, na mifereji ya kupokelea maji ya mkonge, ambayo yana asidi na hula chuma cha kawaida upesi.

Hapo ndipo linapojitokeza fumbo ambalo mwalimu wa kemia anaweza kulitumia kwa somo zima. Mteja hununua chombo cha stenlesi kwa bei kubwa kwa sababu ameambiwa kwamba hakishiki kutu. Baada ya msimu mmoja wa mvua anaona mistari ya rangi ya kahawia. Mistari hiyo haitokei katikati ya bati, mahali panapokwaruzwa na kusuguliwa kila siku, bali hufuata kingo zilizokatwa, na wakati mwingine huonyesha hata njia ambayo mkono wa fundi ulipita. Mteja husema ameuziwa bati bandia. Fundi huapa kwamba bati ni halali. Aghalabu wote wawili husema kweli kwa sehemu: bati lilikuwa stenlesi halisi lilipoingia karakanani, lakini ukingo wake haukuwa stenlesi tena lilipotoka.

Makala haya yanaeleza kilichotokea kwenye ukingo huo, na jinsi fundi anayetumia mashine ndogo ya plazma anavyoweza kupata mkato ulio safi kwa macho na kwa kemia pia.

Ngozi isiyoonekana

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Ile inayotumiwa sana kwa vyombo vya chakula ina takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli. Ndiyo maana vijiko vingi hupigwa mhuri wa 18/8. Mwingereza Harry Brearley, wa mji wa Sheffield, ndiye anayetajwa sana katika historia ya chuma hiki kwa kazi aliyoifanya mwaka 1913, ingawa watafiti wa nchi nyingine walikuwa wakielekea huko huko wakati ule ule.

Kromi haizuii kutu kwa kukataa kuungana na oksijeni. Kinyume chake, huungana nayo upesi mno. Mara tu bati linapokutana na hewa, kromi iliyo juu hufanya utando wa oksidi wenye unene wa sehemu chache tu za milioni moja za milimita. Utando huo hauonekani, umeshikamana, hauyeyuki katika maji, na ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe maadamu chini yake ipo kromi ya kutosha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo wa fumbo la Kimamba. Mahali popote kromi inapopungua chini ya kiasi chake, utando haujengeki vizuri, na chuma kilichobaki hushika kutu kama chuma kingine chochote.

Utando huo huo ndio unaomshinda fundi anayetaka kukata stenlesi kwa gesi ya asetilini na oksijeni. Watu wengi hudhani kwamba mwali wa gesi hukata chuma kwa kukiyeyusha. Sivyo. Mwali hukipasha chuma moto tu. Kinachokata ni mkondo wa oksijeni safi, ambao hukichoma chuma kama kuni. Chuma safi huyeyuka karibu na nyuzi 1,540 za sentigredi, lakini oksidi yake ya kwanza huyeyuka chini ya nyuzi 1,400. Kwa hiyo majivu ya chuma huyeyuka kabla ya chuma chenyewe, hupeperushwa, na oksijeni hupata chuma kipya cha kuchoma. Kwa stenlesi mambo hugeuka. Bati huyeyuka karibu na nyuzi 1,400 hadi 1,450, ilhali oksidi ya kromi haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,400. Majivu yake ni magumu kuliko kuni yake. Hulifunika bati, na moto hukosa chakula. Fundi anayeng'ang'ania hupata donge jeusi lenye matundu.

Msumeno na grenda hukata stenlesi, na kwa mstari mfupi ulionyooka grenda yenye diski nyembamba bado ni chombo chema. Lakini kwa duara, kwa kona, na kwa kazi nyingi, plazma ina faida.

Plazma ni nini?

Gesi ikipashwa moto sana, au umeme mkubwa ukipitishwa ndani yake, elektroni hung'oka kutoka katika atomi. Kinachobaki ni mchanganyiko wa ioni na elektroni huru, unaopitisha umeme. Mmarekani Irving Langmuir aliupa mchanganyiko huo jina la plazma mwaka 1928. Radi inayopiga juu ya milima ya Usagara ni plazma. Vivyo hivyo mwanga ulio ndani ya taa ya tyubu.

Mwaka 1957 Robert Gage, wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, alipata hataza ya tochi inayolibana tao la umeme kwa kulipitisha katika tundu dogo. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Tao la kuchomelea la kawaida hutanuka kama mwali wa mshumaa. Likilazimishwa kupita pamoja na gesi katika tundu la nozeli lenye kipenyo cha milimita moja hivi, hubanwa na ukuta wa baridi wa shaba, mkondo wote hukusanyika katikati, na halijoto hupanda hadi kufikia takriban nyuzi 20,000. Gesi hutoka kwa kasi kubwa. Tao huyeyusha, gesi hufagia. Hakuna haja ya chuma kuungua, na kwa hiyo oksidi ngumu ya kromi haina nguvu tena ya kuzuia kazi.

Mashine ndogo zinazopatikana siku hizi hutumia hewa ya kawaida kutoka kwa kompresa. Elektrodi yake ni ya shaba, yenye punje ndogo ya metali iitwayo hafni katikati ya ncha, kwa sababu tangsteni huungua upesi katika oksijeni. Punje hiyo nayo huliwa kidogo kila tao linapowashwa. Ikiwa imechimbika shimo la milimita moja na nusu hivi, elektrodi imekwisha. Fundi anayeendelea nayo ili kuokoa bei yake huharibu na nozeli, na tundu la nozeli likishakuwa la yai badala ya duara, hakuna ufundi wa mkono utakaounyoosha mkato.

Hesabu ya joto

Ukingo mbaya, kwa sehemu kubwa, ni joto lililopita kiasi. Yafaa basi joto hilo lihesabiwe.

Ichukuliwe karatasi ya stenlesi yenye unene wa milimita 1.5, na mashine iliyowekwa ampea 30. Volti za tao ziwe 100. Nguvu ya tao ni 30 × 100, yaani wati 3,000, au jouli 3,000 kwa sekunde. Tochi ikienda milimita 50 kwa sekunde, ambayo ni mita 3 kwa dakika, kila milimita ya mkato hupokea jouli 60.

Je, ni kiasi gani kinachohitajika? Ikiwa mwanya wa mkato una upana wa milimita 1.2, chuma kinachoondolewa katika kila milimita ya urefu ni 1.2 × 1.5 × 1, yaani milimita za ujazo 1.8. Milimita moja ya ujazo ya stenlesi ina miligramu 8, kwa hiyo chuma hicho ni miligramu 14.4. Kukipasha gramu moja kutoka nyuzi 30 hadi 1,430 huhitaji takriban jouli 840, na joto fiche la kuyeyuka ni jouli 260 hivi. Jumla ni jouli 1,100 kwa gramu. Kwa miligramu 14.4 zinatosha jouli 16.

Kati ya jouli 60, basi, ni zaidi kidogo ya robo tu iliyofanya kazi ya kuyeyusha. Nyingine zimeondoka na gesi, zimenururishwa kama mwanga, zimeipasha moto nozeli, na nyingine zimeingia katika kingo mbili zilizobaki. Sasa fundi na asite, apunguze mwendo kwa nusu. Kila milimita itapokea jouli 120. Kazi ya kuyeyusha haikuongezeka maradufu. Ziada hutanua mwanya na kuzama katika kingo.

Hapa stenlesi ina tabia mbili zinazomfanya msamehevu mdogo kuliko chuma cha kawaida. Ya kwanza ni kwamba hupitisha joto vibaya. Uwezo wake wa kupitisha joto ni wati 16 hivi kwa mita kwa kila nyuzi moja, ilhali chuma laini cha kawaida kina takriban 50 na shaba karibu 400. Joto lililoingia ukingoni halikimbii. Hubaki pale pale na kuuchoma ukingo. Ya pili ni kwamba hutanuka zaidi. Ukanda wa mita moja ukipashwa nyuzi 500 zaidi, stenlesi ingerefuka milimita 8.5, na chuma cha kawaida milimita 6. Lakini ukingo uliofungamana na bati baridi hauwezi kurefuka huru. Hujibana wenyewe ukiwa laini, kisha ukipoa hujikunja ukiwa mfupi kuliko ulivyoanza. Ndiyo sababu karatasi nyembamba hutoka mezani ikiwa imepinda kama jani la mgomba lililokauka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya karatasi nyembamba si kwenda polepole kwa uangalifu, kama mwanafunzi anavyoelekea kufanya, bali ni kwenda haraka kwa mkono uliotulia. Na iwapo mkono hauwezi kuifuata kasi hiyo, dawa ni kupunguza ampea, wala si kupunguza mwendo peke yake. Kwa ampea 20, nguvu ni wati 2,000, na jouli 60 kwa milimita hupatikana kwa mwendo wa milimita 33 kwa sekunde, ambao wafaa zaidi kwa mkono wa mtu. Nozeli nayo ibadilishwe iwe ya tundu dogo linalolingana na ampea hizo. Ampea 20 zikipita katika tundu lililochongwa kwa ajili ya 40, tao halibanwi vizuri na mkato huwa mpana, wenye mteremko.

Kusoma mavi ya chuma

Chuma kilichoyeyuka kisipofagiwa chote hugandia chini ya ukingo. Mafundi wa kale wa kufua chuma waliyaita masalio ya tanuru mavi ya chuma, na jina hilo latosha hapa pia. Wengi huyachukulia kuwa uchafu wa kuondolewa tu. Fundi mwenye busara huyasoma kwanza, kwa kuwa yanasema kosa lilikuwa la upande gani.

Mkato uliokwenda polepole mno huacha mavi manene, yenye mapovu, yaliyojikusanya kama nta chini ya mshumaa. Haya hubanduka kwa urahisi, mara nyingi kwa kugongwa tu na patasi. Sababu ni kwamba tao limekosa chuma mbele yake, likautanua mwanya, na gesi ikapoteza nguvu ya kufagia katika uwazi huo mkubwa. Mkato uliokwenda haraka mno huacha kitu tofauti kabisa: uzi mwembamba, mgumu, uliochomelewa kwenye ukingo, usiobanduka bila grenda. Hapo tao limebaki nyuma ya tochi, na chuma cha chini kimeguswa na joto bila kuyeyuka vya kutosha. Mapande yaliyorukia juu ya bati huashiria tochi iliyoinuliwa mno au nozeli iliyochakaa.

Kati ya mwendo wa polepole mno na wa haraka mno ipo nafasi ambamo mavi ni kidogo au hayapo kabisa. Kwa bati nyembamba nafasi hiyo ni finyu, na hakuna kitabu kitakachoitaja kwa usahihi kwa mashine fulani, kwa umeme wa mtaa fulani. Lazima itafutwe. Fundi achukue kipande cha bati lile lile, akate mistari mitano au sita ya sentimita 10, kila mmoja kwa mwendo wake, akipimiwa muda kwa saa na mwenzake, kisha avigeuze vipande na kuvitazama chini. Wakati wa kukata, cheche zinazotoka chini zimwongoze: zikielekea nyuma kidogo, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 30 kutoka wima, mwendo unafaa, zikianguka wima, anakawia, zikirushwa nyuma kwa ulalo, au zikirudi juu, amepita kiasi.

Kipande hicho cha majaribio hugharimu vumbi la bati ukilinganisha na karatasi nzima iliyoharibika, hata hivyo ndicho kinachorukwa kuliko kitu kingine chochote.

Maji yaliyofichika katika hewa

Mashine ile ile, mikononi mwa fundi yule yule, huweza kukata vizuri mwezi wa Agosti na vibaya mwezi wa Aprili. Watu huulaumu umeme, na umeme una makosa yake, lakini mara nyingi kosa ni maji.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 huweza kubeba mvuke wa maji gramu 30 hivi. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, inao gramu 24. Kompresa huisukuma hewa hiyo hadi kanieneo mara nane ya hewa ya kawaida, na ujazo wake huwa moja ya nane. Nafasi hiyo ndogo, ikisharudi kwenye nyuzi 30, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 4 za mvuke. Gramu 20 lazima zigeuke maji. Tochi ndogo inayotumia lita 200 za hewa kwa dakika humaliza mita moja ya ujazo kwa dakika tano. Katika saa nzima ya tao maji hayo hufika gramu 240, takriban robo lita.

Maji hayo yakifika kwenye tao, joto huyavunja kuwa haidrojeni na oksijeni. Hafni huliwa upesi, tao hutetemeka, na ukingo hutoka ukiwa mweusi, wenye mikwaruzo. Tanki la kompresa lifunguliwe chini kila asubuhi ili maji yatoke. Chujio la maji nalo huwekwa mahali pasipofaa mara nyingi, yaani papo hapo kwenye mdomo wa kompresa. Hewa inayotoka hapo ingali moto, na maji yake yangali mvuke. Hupita katika chujio bila kukamatwa, kisha hupoa ndani ya mpira na kugeuka matone mbele ya chujio. Afadhali hewa ipitishwe kwanza katika bomba refu la chuma, lenye kuinama kidogo kuelekea bomba la kutolea maji, ipoe, ndipo chujio liwekwe karibu na mashine ya plazma. Katika mji wenye vumbi la mkonge, chujio la kuingizia hewa kwenye kompresa nalo lisisahauliwe.

Viwanda vikubwa hukata stenlesi kwa naitrojeni, au kwa naitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni kidogo, na ukingo hutoka na rangi ya fedha. Hewa haiwezi kufika hapo: ina oksijeni asilimia 21, na oksijeni hiyo lazima iuguse ukingo uliyo moto. Fundi wa hewa apange kazi yake akijua kwamba ukingo wake utahitaji kutibiwa.

Upande wa kulia

Hewa haitoki katika nozeli moja kwa moja. Pete iliyo ndani ya tochi huizungusha ili tao litulie katikati. Katika tochi nyingi huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa. Matokeo yake ni kwamba kingo mbili za mkato mmoja hazifanani. Ule ulio upande wa kulia wa njia ya tochi husimama wima zaidi, na wa kushoto huwa na mteremko. Chombo kinachotakiwa basi kiwe upande wa kulia, na chakavu kiwe kushoto. Ili kupata kitako cha ndoo, tochi izunguke kwa mwelekeo wa saa, nacho kitako kitakuwa kuliani. Ili kutoboa tundu la bomba katika bati, izunguke kinyume cha saa. Ni jambo dogo lisilogharimu kitu, lakini mafundi wengi wamelitumia kwa bahati tu.

Tochi isimame wima, nozeli ikiwa milimita 2 au 3 juu ya bati, isipokuwa kama ina ngao iliyotengenezwa kugusa. Mkono uongozwe na ubao au rula ya chuma iliyobanwa. Mkato uanze pembeni mwa bati inapowezekana. Bati libanwe juu ya vyuma viwili vilivyo karibu na mstari, na palipo na mikato mingi, isifuatane yote upande mmoja. Fundi aruke huku na huku ili bati lipate kupoa. Kibanio cha waya wa kurudishia umeme kishikwe kwenye bati lenyewe, mahali palipo safi, si kwenye mguu wa meza.

Kurudisha ngozi

Mkato ukishapoa, kando ya ukingo huonekana mistari ya rangi: manjano kama nyasi kavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Rangi hizo hazikupakwa. Joto limenenepesha utando wa oksidi, na mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, kama ilivyo kwa mafuta ya taa yanayoelea juu ya dimbwi. Kila rangi ni kipimo cha unene.

Wapo wanaoziona rangi hizo kuwa pambo. Kumbe kromi iliyonenepesha utando imetolewa katika chuma kilicho chini yake, na chuma hicho kimebaki maskini. Utando mnene wenyewe una nyufa na umechanganyika na oksidi ya chuma. Hapo ndipo kutu ya Kimamba ilipoanzia. Kusugua rangi mpaka itoweke hakutoshi. Lazima na ngozi nyembamba iliyo chini yake iondolewe, mpaka chuma kizima kionekane.

Kazi hiyo hufanywa kwa grenda yenye diski ya msasa, na hapa ndipo kosa la pili hutokea. Diski iliyosaga nondo za dirisha asubuhi hubeba chembe za chuma cha kawaida. Ikitumiwa kwa stenlesi mchana, huzipachika chembe hizo katika ukingo, nazo huota kutu zikaonekana kana kwamba stenlesi yenyewe imeoza. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida hufanya vivyo hivyo. Karakana yenye diski moja na brashi moja kwa ajili ya stenlesi peke yake, zilizotundikwa mbali na nyingine, imeshinda nusu ya vita.

Baada ya kusaga, ukingo uoshwe kwa sabuni ili mafuta yatoke, kisha ulowekwe katika asidi sitriki, ile asidi ya ndimu inayouzwa ikiwa unga. Gramu 100 katika maji gramu 900, yenye joto la nyuzi 50, kwa dakika 20, hutosha kuyeyusha chembe za chuma zilizopachikwa na kuuacha utando wa kromi ujijenge. Kisha chombo kisuuzwe kwa maji mengi safi na kukaushwa. Asidi hiyo haiondoi rangi nene za joto. Ni lazima usagaji utangulie. Viwandani hutumia mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya haidrofloriki kwa kazi hiyo, lakini hiyo ya pili hupenya ngozi na kula mifupa. Isiletwe kabisa katika karakana ya mtaani wala maabara ya shule.

Moshi

Moshi wa kukata stenlesi si sawa na moshi wa kukata nondo. Sehemu ya kromi inayovukizwa na tao hugeuka kuwa kromi ya valensi sita, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu. Mapafu ndiyo yanayodhurika. Madhara yake hayaonekani jioni ya siku hiyo wala mwaka huo, na kijana anayeanza ufundi akiwa na miaka 17 ana miaka mingi ya kuuvuta.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii moshi huo, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno kuliko matundu ya nguo. Kazi ifanyike nje, au chini ya paa lisilo na kuta, upepo ukitoka ubavuni mwa fundi na kuupeleka moshi mbali na uso wake na mbali na wapita njia. Beseni pana la maji likiwekwa chini ya mkato hunasa sehemu kubwa ya chembe na cheche. Barakoa yenye chujio la moshi wa metali huuzwa katika maduka ya vifaa vya usalama, nayo bei yake ni ndogo kuliko ya karatasi moja ya stenlesi. Macho nayo yanahitaji kioo cha kuchomelea. Miwani ya jua haifai, kwa sababu tao hutoa miali ya urujuanimno kwa wingi. Tena volti za tochi kabla tao halijawaka huweza kuzidi 200, basi fundi asikate akiwa amesimama katika maji ya mvua.

Mazoezi kwa darasa

1. Karatasi ya stenlesi ina unene wa milimita 1. Mashine imewekwa ampea 20, na tao lina volti 90. Tafuta mwendo utakaoipa kila milimita ya mkato jouli 40. (Jibu: milimita 45 kwa sekunde.)

2. Hewa ya Kilosa asubuhi moja ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Tumia tarakimu zilizotolewa hapo juu kutafuta maji yatakayotengana na kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ikishinikizwa mara nane na kupoa. (Jibu: gramu 14 hivi.)

3. Mteja amekuja na sumaku, akasema kwamba bati lililovutwa na sumaku si stenlesi. Eleza kwa nini kipimo hicho hakitoshi, ukikumbuka kwamba ziko stenlesi zenye kromi lakini zisizo na nikeli, nazo huvutwa na sumaku.

4. Chukua vijiko viwili vya stenlesi vilivyochakaa. Kimoja kisugue kwa msasa mpya. Cha pili kisugue kwa nguvu kwa msumari wa chuma cha kawaida mpaka kiache alama. Vifunge vyote kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, uviache usiku mzima, kisha uvifungue. Andika ni wapi kutu imetokea. Baadaye kitie kijiko cha pili katika asidi sitriki kwa dakika 20, kisuuze, na urudie jaribio la chumvi. Linganisha alama za usiku wa kwanza na za usiku wa pili.